Sindano Juu ya Hariri

Sehemu ya Tisa

"Usiiguse hiyo! Nimeshailipia."

Mkono wa Fundi Pazia ukabaki hewani, vidole vikiwa havijafika hata kwenye kifuniko cha ile mashine nyeusi. Hakuhitaji kugeuka. Sauti ile angeitambua hata usingizini, maana ndiyo iliyomlea kwa masimango tangu akiwa na miaka minne.

Aligeuka hata hivyo. Mama Sauti alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, mkoba kwapani, tabasamu usoni, na macho ambayo hayakuwa na habari na tabasamu hilo.

"Shikamoo, mama mdogo," Fundi Pazia alisema. Adabu ni adabu, hata kwa mtu unayetamani ateleze.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kununua mashine ya santuri? Wewe? Unajua hata inawashiwa wapi?"

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita waliliazimisha likaishia kufutia vioo, niwakumbushe upesi, maana mama huyu hana subira. Fundi Pazia anashona mapazia, na jina lake limetoka hapo. Amefiwa na baba yake, mpiga gitaa. Baba kamwachia bahasha ngumu, na ndani yake santuri moja nyeusi, nzito, isiyo na picha wala jina la kampuni. Katikati, kwa mwandiko wa marehemu, kuna maneno manne: Sauti ya mama yako.

Mama huyo alifariki siku aliyomzaa. Ndivyo Fundi Pazia alivyoambiwa, na ndivyo alivyoishi miaka arobaini na moja. Sura ya mama yake anaijua kwa picha. Sauti haijui, hata kikohozi chake hakijui, na hicho ndicho kitu pekee anachokitaka duniani.

Na Mama Sauti? Huyo ni mke wa pili wa marehemu. Jina amelipata kwa wimbo mmoja uitwao Funga Dirisha. Marehemu alipiga gitaa, mwanamke akaimba. Mwanamke gani? Mama Sauti anasema ni yeye. Amesema hivyo redioni, amesema majukwaani, amesema mpaka watu wakampa jina. Sasa anasema hata santuri ile imebeba sauti yake, kwa hiyo ni mali yake.

Baba Mkubwa, kaka wa marehemu, ndiye aliyekata kauli. Jumamosi saa nane mchana, sebuleni kwake, santuri itapigwa mara moja tu mbele ya wote. Ikitoka sauti ya Mama Sauti, ataichukua akaondoka nayo. Na mashine ya kuipigia ataileta Fundi Pazia, kwa kuwa yeye ndiye anayebisha.

Jumamosi yenyewe ndiyo hii. Saa ya ukutani dukani ilisema saa nne na robo.

"Umeilipia lini?" Fundi Pazia aliuliza. "Mimi niko hapa tangu wanafungua."

"Jana kwa simu. Muulize mwenye duka."

Mwenye duka hakuinua uso. Watu walimwita Bei Moja, kwa sababu hakuwahi kumpunguzia mtu hata mama yake mzazi. "Ni kweli," alisema. "Nyeusi imeuzwa. Zimebaki mbili. Chagua au uniachie nafasi."

Zilikuwa mbili kweli. Moja nyekundu, yenye umbo la sanduku la safari, mpini wake unang'aa, spika ndani yake humo humo. Nyingine ya rangi ya fedha, pana na nyembamba, yenye kitufe kimoja mbele.

"Mpe nyekundu," Mama Sauti alisema. "Nalipa mimi. Ni zawadi."

Zawadi! Katika miaka yote ya kulelewa na mama huyu, Fundi Pazia alikuwa amepokea zawadi moja, nayo ni sweta lililotoboka viwiko.

Akafikiri haraka. Huyu mama nyumbani kwake ana redio kubwa inayopiga kila kitu mpaka inaudhi majirani. Anataka nini na mashine mbaya ile nyeusi, ya mbao zilizochubuka, isiyo na spika wala kitufe cha maana? Mtu hakimbilii kitu kibaya bure.

"Kwa nini nyekundu, mama mdogo?"

"Kwa sababu ni nzuri. Na wewe vitu vizuri huvijui, nakusaidia."

"Ndiyo inayouzika," Bei Moja alidakia. Alifungua sanduku jekundu akaonyesha kichwa cha sindano. Juu yake alikuwa amebandika sarafu kwa selotepu. "Nimeshaiwekea na sarafu, isirukeruke. Santuri za zamani zina mikwaruzo. Ukiikandamiza kidogo, inatulia."

"Inakandamizwa kiasi gani?"

"Dada, unanunua mashine au unafanya mtihani?"

Fundi Pazia alifungua pochi yake akatoa kipande cha hariri nyeupe, masalio ya pazia la wiki hiyo. Mshonaji yeyote anayejiheshimu haanzi kushona kitambaa cha watu kabla ya kujaribu sindano kwenye kipande. Sindano nene juu ya hariri ni msiba. Alitandaza kipande kile juu ya sinia la mashine nyekundu, pale santuri inapolazwa, akashusha sindano juu yake, akazungusha sinia kwa kidole, polepole, nusu mzunguko.

Krrr!

Uzi mmoja ulivutwa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hariri ikabaki na mfereji.

"Unaniharibia bidhaa!" Bei Moja alifoka.

"Bidhaa yako ndiyo imeniharibia kitambaa." Akahamia ile ya fedha. Akatandaza upande mwingine wa hariri, akashusha sindano, akazungusha. Kimya. Alipoinua kitambaa kwenye mwanga wa dirisha, hakikuwa na alama yoyote.

Tabasamu la Mama Sauti lilipungua kidogo upande wa kushoto. Fundi Pazia aliliona likipungua, na moyo wake ukafurahi kwa namna ambayo si nzuri kuisimulia.

"Naomba nikuonyeshe kitu," alimwambia Bei Moja, akachomoa santuri nusu kutoka kwenye bahasha.

Bei Moja aliigusa pembeni kwa ukucha, akarudisha mkono kama aliyeungua. Kiburi kilimshuka chote.

"Hii si ya kiwandani," alisema. "Hii imechongwa moja tu, palepale studio. Ndani ni bati, juu wamepaka utomvu laini kama rangi ya kucha. Ungeiweka kwenye nyekundu, na ile sarafu..." Alitikisa kichwa. "Mara moja tu ingekwangua kila kitu. Ungebaki na sahani."

"Na wewe ulitaka kuniuzia."

"Hukuniambia una nini! Chukua hiyo ya fedha. Unabonyeza kitufe, mkono wa sindano unakwenda wenyewe, unarudi wenyewe. Sindano yake nyepesi. Na usije ukasema kwa watu mimi ndiye niliyekushauri ile nyekundu."

Mama Sauti alikuwa ameshaiweka mashine nyeusi kwenye gari lake, akashika usukani mwenyewe. Alipiga honi moja ndefu akipita mbele ya duka.

"Saa nane, mwanangu!" alisema dirishani. "Usichelewe kuaibika."

* * *

Sebule ya Baba Mkubwa ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa, redio ya zamani ya mbao, na spika mbili kubwa pembeni. Kwa bahati redio ile ilikuwa bado na matundu ya kuchomekea mashine ya santuri. Fundi Pazia alichomeka nyaya za ile mashine ya fedha kama alivyoelekezwa dukani. Kisha akailaza santuri juu ya sinia.

Mama Sauti alikaa kochi la mbele, miguu juu ya kigoda, kama aliyekuja kutazama sinema.

"Sisi enzi zetu tulikuwa tunaweka sarafu juu," Baba Mkubwa alisema, akipapasa mfukoni. "Ngoja, ninayo."

"Hapana, Baba Mkubwa!" Fundi Pazia karibu apige kelele. "Tafadhali. Usiweke kitu."

"Ukali wa nini sasa? Haya, washa. Mara moja tu, kama nilivyosema."

Akabonyeza kitufe.

Mkono wa mashine uliinuka wenyewe, ukasogea, ukashuka taratibu kwenye ukingo wa nje wa santuri. Spika zikatoa mchakacho mwepesi. Fundi Pazia akafumba macho.

Mchakacho. Mchakacho. Mchakacho.

Dakika nzima ikapita. Sindano haikusogea hata unywele. Ilizunguka palepale ukingoni, inakwaruza hewa, hakuna wimbo, hakuna mtu.

Mama Sauti alicheka mpaka akashika ubavu. "Sauti ya mama yako hiyo! Kumbe marehemu alikuwa mchakacho!"

Maneno hayo yalimwingia Fundi Pazia kama maji ya moto. Alitaka kumrukia. Alijizuia kwa kushika pindo la gauni lake mwenyewe.

"Basi," Baba Mkubwa alisema. "Imepigwa. Haina kitu. Shemeji, ichukue ukaitundike ukutani, tumalize ugomvi huu."

Mama Sauti aliinuka. Alinyoosha mkono.

"Subiri!"

Fundi Pazia alikuwa ameinama juu ya santuri, pua karibu iguse. Jicho lake lilikuwa limezoea mishono kuliko sura za watu. Mshono wowote ukiutazama, unajua fundi alipoanzia na alipomalizia, kwa sababu mwisho unafungwa. Na pale ukingoni, mfereji ulikuwa umejifunga. Ulikuwa duara kamili lisilokwenda popote. Duara la namna hiyo kwenye santuri za watu wengine hukaa katikati, karibu na karatasi, pale wimbo unapokwisha.

"Hapa ni mwisho," alisema. "Hii imechongwa kuanzia ndani kuja nje."

"Unaota," Mama Sauti alisema. Lakini alilisema upesi mno.

Fundi Pazia aliinua mkono wa mashine kwa kidole, akaupeleka karibu na karatasi ya katikati. Mashine ikatoa mlio, klak, ikamnyang'anya mkono ule, ikaurudisha kitandani pake. Akajaribu tena. Klak. Mashine ya fedha ilikuwa imefundishwa jambo moja tu, kwamba sindano ikifika katikati, kazi imekwisha.

Ndipo akaelewa. Alisimama wima, akamtazama mama yake wa kambo usoni kwa mara ya kwanza mchana ule.

"Ile nyeusi haina kitufe. Unaweka sindano unapotaka, hakuna wa kukubishia. Ulijuaje, mama mdogo?"

"Nilijuaje nini?"

"Kwamba ndiyo pekee itakayoweza."

"Mafundi wa studio zamani walichonga hivyo, ule uchafu wa nyuzinyuzi unaotoka wakati wa kuchonga ukusanyike katikati usiisumbue sindano. Kila mtu anajua!"

"Mimi sikujua," Baba Mkubwa alisema polepole. "Na nimekuwa na santuri tangu kabla hujaolewa. Shemeji, kama humo ni sauti yako, mbona unakwenda kununua mashine ili isisikike?"

Mama Sauti, wasomaji wangu, akaanza kufungua na kufunga mkoba wake.

"Iko wapi?" Baba Mkubwa aliuliza.

"Nimeiacha nyumbani."

Fundi Pazia alichungulia dirishani. Gari lilikuwa uani, na kwenye kiti cha nyuma, chini ya shuka, kitu cha pembe nne kilikuwa kimejilalia. "Mama mdogo, nyumba yako ina magurudumu siku hizi?"

Baba Mkubwa alinyoosha kiganja. "Funguo."

Mama Sauti alitoa funguo bila kubishana. Alizirusha mezani, akarudi kwenye kochi, akakunja mikono. Kukubali kwake kwa haraka kulimtia Fundi Pazia wasiwasi kuliko matusi yake yote.

Mashine nyeusi ikawekwa mezani, nyaya zikahamishwa. Santuri ikalazwa juu yake. Fundi Pazia alishika mkono wa sindano, akausogeza mpaka juu ya mstari wa kwanza kule ndani. Ilibaki kushusha tu.

"Weka basi," Mama Sauti alisema kwa upole. "Si ulikuwa na haraka?"

Kwa upole! Fundi Pazia akaurudisha mkono pembeni. Akaiondoa santuri, akatoa kipande chake cha hariri, akakitandaza, akashusha sindano, akazungusha.

Krrr!

Kitambaa kilichanika mpaka sinia likaonekana.

Alichungulia nyuma ya mkono ule. Kidude cha uzito kilichokaa mkiani kilikuwa kimezungushwa mbele mpaka mwisho, na uzito wote ukahamia kwenye sindano. Sarafu kumi zisingekandamiza namna ile.

"Ulikuwa unataka niiue kwa mkono wangu mwenyewe," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa nataka uache!" Mama Sauti alifoka. "Nimekwambia tangu mwanzo, acha! Una kichwa kigumu kama cha..." Akameza neno lililobaki.

"Kama cha nani?"

Mama Sauti aligeuzia uso dirishani.

Kurekebisha hakukumshinda. Cherehani nayo ina skrubu ya kukaza na kulegeza uzi, na hiyo ameizungusha maisha yake yote. Alizungusha kidude nyuma robo, akajaribu kwenye hariri. Mfereji. Robo nyingine. Alama hafifu. Kidogo tena, na kitambaa kikatoka safi.

Akairudisha santuri mahali pake. Akasogeza sindano ndani kabisa. Akaishusha.

Mchakacho. Halafu kitu kama pumzi.

Halafu mwanamke akacheka.

"Imeanza? Inazunguka kweli? Haya. Mwanangu, ni mimi."

Fundi Pazia alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama. Sauti ilikuwa nzito kidogo, yenye mkwaruzo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Ilikuwa sauti yake yeye mwenyewe asubuhi. Miaka arobaini na moja alikuwa akitembea nayo kooni bila kujua ni ya nani. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Baba yako anataka niimbe kwanza," sauti iliendelea. "Nimemwambia gitaa lisubiri, naongea na mtoto wangu. Nitamwimbia Funga Dirisha nikimaliza."

Baba Mkubwa aligeuza shingo kumtazama Mama Sauti. Mama Sauti alikuwa ameinamisha kichwa. Jina lake lilikuwa limekufa pale sebuleni, na hakulitetea.

Nyuma ya sauti ile, mbali kidogo, kilisikika kilio cha mtoto.

"Unamsikia anayelia? Ni wewe huyo. Umebebwa na rafiki yangu, anakubembeleza na wewe hutaki. Una meno mawili, na jana umening'ata kwa moja mpaka nimepiga yowe."

Fundi Pazia alicheka katikati ya machozi. Kisha kicheko kikamkatikia mdomoni.

Meno mawili.

Mtoto wa siku moja hana meno. Na yeye aliambiwa, tena si mara moja, kwamba mama yake alikufa siku ile ile. Aliyemwambia alikuwa akirudia kwa maneno yale yale kila alipoulizwa: nilimzika mwenyewe, na wewe ulikuwa na saa sita duniani.

Aliinua uso, taratibu. Hakumtazama Mama Sauti.

"Baba Mkubwa..."

Kochi lake lilikuwa tupu.

"Sasa nisikilize vizuri," sauti ya mama ilisema, na kicheko hakikuwemo tena. "Kesho asubuhi nitaondolewa hapa. Atakuja mtu kukwambia kwamba nimekufa. Mtu huyo ni..."

Sauti ikaanza kuzama. Ikawa nzito, ikawa ya mwanamume, ikawa mngurumo mrefu usio na neno, kisha sinia likasimama.

Baba Mkubwa alikuwa ukutani. Plagi ilikuwa mkononi mwake.

Mama Sauti ndiye aliyesema kwanza, na sauti iliyomtoka haikuwa ile ya redioni.

"Mimi ndiye niliyekubeba siku hiyo," alisema. "Wimbo nimemwibia, nakiri. Nilitaka kuiharibu santuri hiyo, nakiri vilevile. Lakini mwenye kuogopwa humu ndani si mimi. Muulize alimzika nani."

Fundi Pazia aliinuka. Kabla ya jambo lolote aliinua sindano kwa ncha ya kidole, akaufunika uso wa santuri kwa kile kipande cha hariri, akasimama mbele ya meza.

"Chomeka," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza neno baba.

Baba Mkubwa aliutazama waya, akautupa chini. Akamtazama mtoto wa mdogo wake, akaitazama ile meza nyuma yake, na akaanza kuiendea.